Kufadhili asasi kiongozi ili vikundi vya jamii visimame: mwongozo kwa wafadhili wa Tanzania Bara

Mfadhili mwenye shilingi milioni mia tatu na nia ya kuimarisha vikundi vya jamii katika wilaya moja hukutana mapema na tatizo la hesabu: hawezi kuingia mikataba arobaini na vikundi ambavyo vingi havijawahi kukaguliwa, wala hana watumishi wa kuvizungukia. Ndipo anapotafuta asasi moja yenye ofisi, mhasibu na jina, akaikabidhi fedha na kuiita asasi kiongozi. Utaratibu huu unafaa na mara nyingi ndio pekee unaowezekana, lakini una kasoro ya kuzaliwa nayo, kwamba fedha hupenda kukaa pale zilipofikia. Pasipo mkataba unaozisukuma zishuke, miaka mitatu baadaye asasi kiongozi itakuwa na samani mpya, na vikundi vitakuwa na vyeti vya kuhudhuria semina.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya afisa ruzuku, mjumbe wa bodi ya mfuko au mtumishi wa shirika anayetakiwa kupanga ufadhili wa namna hiyo Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na msajili wake, na anayefanya kazi huko aanzie kwao. Asasi inayotarajia kuomba nafasi ya uongozi nayo itafaidika kwa kuusoma, maana itajua itaulizwa nini.

Hatua ya kwanza: andika vikundi vitaweza kufanya nini

Maneno "kujenga uwezo" yamebeba mizigo mingi kiasi kwamba hayamfungi mtu yeyote. Kabla ya kutangaza chochote, kaa na wenzako mwandike kwa sentensi zisizozidi tatu mambo ambayo vikundi vitaweza kuyafanya mwishoni mwa mradi na ambayo havikuweza mwanzoni. Kwa mfano: ifikapo mwisho wa mwaka wa tatu, angalau vikundi 18 kati ya 24 vitakuwa vinafunga hesabu zao kila mwezi bila kusaidiwa, vitakuwa vimefanya mkutano mkuu wa uchaguzi kwa mujibu wa katiba zao, na vitakuwa vimeandika angalau andiko moja la mradi lililopelekwa kwa mtu mwingine asiye wewe. Kila moja ya hayo huthibitishwa kwa kuangalia karatasi: daftari, muhtasari wa mkutano, nakala ya andiko. Idadi ya watu waliohudhuria mafunzo isiwe miongoni mwa sentensi hizo, kwa sababu ukiiweka ndiyo itakayotekelezwa, nayo haihitaji kikundi kibadilike hata kidogo.

Hatua ya pili: vijue vikundi kabla ya kumjua kiongozi

Wafadhili wengi huchagua asasi kiongozi kwanza, kisha huiachia iwatajie vikundi. Matokeo yake ni orodha ya marafiki. Anza chini. Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri ana kitabu cha usajili wa vikundi, na mwenzake wa kata anajua kipi kiko hai na kipi kimebaki jina. Kitabu pekee hakitoshi. Vikundi vingi viliundwa kwa ajili ya mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, unaogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo iliposimamishwa Aprili 2023, baadhi vilisambaa, na iliporejeshwa mwaka 2024 vingine vikafufuka na viongozi wapya. Tembelea kata tatu au nne mwenyewe, uombe kuonyeshwa muhtasari wa kikao cha mwisho, na utajua mengi kuliko dodoso la kurasa kumi.

Unapovikusanya, tenganisha kwa sura zao za kisheria, kwa kuwa sura hiyo ndiyo itakayoamua ni fedha ipi kinaweza kupokea na nani anakisimamia. Kikundi cha kijamii husajiliwa na halmashauri. Asasi isiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, kwa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Chama cha kijamii huwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337, inayosimamiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani. Wapo pia wanaomiliki mali kupitia bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Kikundi kinachokopeshana, VICOBA ikiwemo, kinaguswa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na ruzuku yako isichanganywe na akiba za wanachama wake. Hili la mwisho linaonekana dogo hadi siku mwanachama anapojitoa na kudai gawio lake kutoka kwenye akaunti moja na fedha za mradi.

Hatua ya tatu: mchague kiongozi kwa kuwauliza wanaoongozwa

Tangaza nafasi hiyo hadharani, kwenye mbao za matangazo za halmashauri na ofisi za kata pamoja na mitandaoni, kwa Kiswahili, na utoe wiki nne zisizopungua. Omba nyaraka chache: cheti cha usajili, ambacho tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 huisha muda baada ya miaka 10, hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili, taarifa ya mwaka iliyopokelewa na Msajili wa asasi zisizo za kiserikali, na orodha ya wajumbe wa bodi pamoja na uhusiano wao na watumishi. Angalia ngazi ya usajili kwa makini. Asasi iliyosajiliwa kwa wilaya moja haiwezi kupewa mradi wa wilaya tatu hata kama ndiyo bora kuliko zote, na kasoro hiyo ni heri uigundue wewe kuliko aigundue Msajili Msaidizi wakati fedha zimeshatumika.

Baada ya nyaraka, fanya jambo ambalo ni nadra kufanywa: waulize vikundi. Chukua vikundi sita ulivyovitembelea, asasi inayoomba isiwepo, uulize maswali mawili tu. Je, asasi hii imewahi kuwasaidia jambo ambalo leo mnalifanya wenyewe? Na je, imewahi kuomba fedha kwa jina lenu bila ninyi kujua? Jibu la swali la pili huja taratibu, mara nyingi baada ya kicheko kifupi na watu kutazamana. Asasi kubwa yenye hati safi za ukaguzi inaweza kuanguka hapa, na ikianguka hapa iache, hata kama andiko lake ni zuri.

Iangalie pia kama ni mshindani wa vikundi vyenyewe. Asasi inayoishi kwa kuendesha miradi ya lishe katika vijiji vilevile haitakuwa na hamu ya kukifundisha kikundi cha lishe kuandika andiko. Jumuiya au mtandao ambao vikundi vyenyewe ni wanachama una nafuu kwa upande huo, ingawa una tatizo lake, kwamba viongozi wake huchaguliwa kwa kura na wanaweza kugawa ruzuku kama shukrani. Tatizo hilo lina dawa kwenye mkataba. Lile la kwanza halina.

Nchini pana mfano wa ngazi ya taifa wa kuutazama: Foundation for Civil Society, ambapo wafadhili kadhaa waliweka fedha kwenye kapu moja, nayo ikatoa ruzuku pamoja na mafunzo kwa asasi za wilayani. Ukubwa wake si wako, lakini kanuni ya kuunganisha ruzuku na malezi katika mkono mmoja ni ileile.

Hatua ya nne: panga bajeti inayoshuka

Hapa ndipo mradi hufa au hupona, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Tuchukue mfano wa shilingi milioni 120 kwa mwaka na vikundi 24. Ruzuku ndogo ya shilingi milioni 2 kwa kila kikundi ni milioni 48, yaani asilimia 40. Walezi wawili, yaani watumishi wa kuvitembelea na kuvifundisha vikundi, kila mmoja kwa mshahara wa shilingi 1,100,000 kwa mwezi, ni milioni 26.4, mchango wa mwajiri wa asilimia 10 kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, unaongeza shilingi 2,640,000, na ule wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa asilimia 0.5 unaongeza 132,000. Pikipiki mbili, kwa mafuta na matengenezo ya shilingi 300,000 kila moja kwa mwezi, ni milioni 7.2. Mafunzo ya pamoja yapewe milioni 9, sehemu ya mshahara wa mhasibu milioni 8.4, ukaguzi wa hesabu milioni 5. Hadi hapo umetumia shilingi 106,772,000. Zinazobaki, 13,228,000, zigharimie ofisi, umeme, intaneti na muda wa mkurugenzi, nazo ni asilimia 11 ya jumla.

Mfadhili anayekataa asilimia hiyo 11 kwa hoja kwamba fedha zake ni za "walengwa" pekee anajidanganya. Pango la ofisi litalipwa tu. Kama hukuliweka kwenye bajeti, litajificha ndani ya chai na posho za semina, na wewe ndiye utakayekuwa umewafundisha watu kuficha. Vilevile usikubali walezi waliopangiwa asilimia 20 ya muda wao. Mlezi mmoja kwa vikundi 12, kila kikundi kikitembelewa mara mbili kwa mwezi, ana safari 24, na hiyo ni kazi ya mtu mzima asiye na kazi nyingine.

Fungu la posho liandikwe viwango vyake wazi. Nauli halisi na chakula cha mchana vinatosha kwa mwanachama anayekuja kujifunza jambo la kikundi chake. Ukianza kulipa posho ya kukaa, utapata ukumbi uliojaa wale wanaojua kuja ukumbini.

Hatua ya tano: mkataba na sheria

Kanuni za asasi zisizo za kiserikali zilizorekebishwa mwaka 2018 zinaitaka asasi inayopokea zaidi ya shilingi milioni 20 kuwasilisha mkataba Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa ili upate idhini, na kutangaza mapato na matumizi yake hadharani. Kwa hiyo usipange awamu ya kwanza itoke wiki ileile ya kusaini. Weka nafasi ya kungoja katika kalenda yako, na ueleze ndani ya mkataba kwamba muda wa utekelezaji unaanza kuhesabiwa siku fedha zinapoingia benki.

Mkataba wenyewe uwe wa Kiswahili au wa lugha mbili, na vifungu vinne visikosekane. Cha kwanza kiseme kwamba fungu la ruzuku ndogo haliwezi kuhamishiwa fungu lingine bila idhini yako ya maandishi, lakini mafungu mengine yanaweza kuhamia huko. Cha pili kiseme kwamba uamuzi wa kugawa ruzuku unafanywa na kamati ya watu watano au saba, wengi wao wakiwa nje ya asasi kiongozi, na kwamba mjumbe mwenye uhusiano na kikundi anatoka chumbani wakati kinapojadiliwa. Cha tatu kiseme kwamba awamu ya pili ya fedha za asasi kiongozi haitoki hadi vikundi vithibitishe kupokea za kwao. Kifungu hiki kimoja huharakisha mambo kuliko barua kumi za kukumbusha. Cha nne kihusu taarifa za watu. Asasi kiongozi itakusanya majina, namba za simu na pengine hali za kiafya za wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihusu moja kwa moja.

Hatua ya sita: kupima hali ya kikundi, pamoja na kikundi

Katika kata moja ya Kilosa niliwahi kukaa chini ya mwembe na mhazini wa kikundi cha akina mama wafuma mikeka. Stakabadhi zote zilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Daftari lake lilikuwa na safu tatu, yaani tarehe, maelezo na kiasi. Kilichoingia kiliandikwa kwa wino wa bluu na kilichotoka kwa wino mwekundu, mpaka kalamu nyekundu ilipoisha na tangu siku hiyo kila kitu kikawa cha bluu. Fomu ya tathmini niliyobeba ilikuwa na swali: "Je, kikundi kina mfumo wa fedha ulioandikwa?" Jibu lilikuwa hapana, na alama ni sifuri. Lakini mama yule aliweza kutaja bila kuangalia popote ni nani anadaiwa, kiasi gani na tangu lini, na tulipohesabu fedha taslimu zilipishana na kumbukumbu yake kwa shilingi mia tano. Hakuhitaji semina ya siku tatu ya usimamizi wa fedha. Alihitaji safu ya nne iandikwe "salio", na kalamu nyekundu.

Ndiyo maana upimaji ufanyike na mlezi akiwa amekaa na kikundi kizima, vitabu vikiwa wazi, na kikundi chenyewe kikipendekeza alama yake na kuitetea. Vipengele sita vinatosha: katiba na uchaguzi, vikao na mihtasari, fedha, mipango, uhusiano na serikali ya kijiji, na uwezo wa kutafuta fedha kwingine. Alama ibaki na kikundi, nakala iende kwa asasi kiongozi, na isitumike kamwe kukinyima ruzuku ya kwanza. Ikitumika hivyo, mwaka ujao utaambiwa unachotaka kusikia.

Hatua ya saba: ruzuku ndogo ziwe ndogo kweli, na karatasi zake pia

Fomu ya kuomba isizidi kurasa mbili: mnataka kufanya nini, nani atafanya, itagharimu kiasi gani, mtajuaje kwamba imefanikiwa. Ruhusu maombi ya mdomo mbele ya kamati kwa kikundi ambacho mwandishi wake hana ujasiri wa kalamu, na katibu wa kamati ayaandike. Fedha ziingie kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa, na wasiwe watu wa ukoo mmoja. Mahali ambapo benki iko mbali, wakala wa karibu atafaa, lakini fedha za kikundi zisikae kwenye simu ya mwenyekiti hata kwa usiku mmoja.

Toa ruzuku kwa awamu mbili, na marejesho ya awamu ya kwanza yawe hati za malipo, stakabadhi na ukurasa mmoja wa maelezo. Kuhusu risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, kuwa na busara. Duka la vifaa mjini litazitoa. Mzee anayeuza nguzo porini hatazitoa, na ukizidai utaletewa za duka ambalo halijawahi kuuza nguzo. Kubaliana mapema kwamba manunuzi madogo ya kijijini yatathibitishwa kwa hati ya kukiri malipo, yenye sahihi ya muuzaji na ya shahidi mmoja.

Hatua ya nane: malezi, na kalenda ya mvua

Mafunzo ya ukumbini yabaki machache na mafupi. Kazi kubwa ni ziara ya mlezi, na ziara njema ina jambo moja tu: leo tunafunga hesabu za mwezi, au leo tunaandika barua kwa Mtendaji wa Kijiji kuomba eneo. Mlezi asishike kalamu. Ni kanuni ngumu kuitii jua linapozama na pikipiki ina safari ya kilomita arobaini, lakini barua iliyoandikwa na mlezi ni barua ya mlezi. Vikundi vilivyoendelea vipelekwe kuvitembelea vile vinavyosuasua. Mhazini humwelewa mhazini mwenzake haraka kuliko anavyomwelewa mwenye shahada.

Usipange ziara nyingi kati ya Machi na Mei katika maeneo ya masika, wala mkutano wowote wakati wa palizi. Ratiba iliyotungwa kwa kufuata robo za mwaka wa fedha wa mfadhili huonyesha mahudhurio mabaya yasiyo na uhusiano wowote na ubora wa kazi.

Hatua ya tisa: kufuatilia bila kupitia kwa kiongozi peke yake

Taarifa za robo mwaka za asasi kiongozi zisome, kisha kila miezi sita tembelea vikundi vitatu utakavyovichagua mwenyewe asubuhi ya safari. Tangaza kwa vikundi vyote kiasi ambacho kila kimoja kimepewa. Karatasi hiyo ibandikwe ofisi ya kata. Weka namba ya simu ya malalamiko inayopokelewa na ofisi yako, na ijibiwe ndani ya siku 14, hata kama jibu ni kwamba uchunguzi unaendelea.

Upotevu ukitokea, tofautisha mkanganyiko na wizi kabla ya kufungua kinywa. Mara nyingi utakuta masurufu yasiyorejeshwa kwa sababu stakabadhi zililoa mvua. Ikiwa ni wizi, simamisha fedha za kikundi husika pekee, waarifu wanachama wote katika mkutano wao badala ya kumalizana na viongozi ofisini, na uwaache waamue kwa katiba yao kwanza. Kusimamisha wilaya nzima kwa kosa la mhazini mmoja huwafunza wengine kuficha.

Hatua ya kumi: kuondoka

Tarehe ya mwisho iandikwe siku ya kwanza na itajwe kila mwaka. Katika mwaka wa pili, ziara za walezi zipungue kutoka mbili hadi moja kwa mwezi kwa vikundi vilivyofikia sentensi zako tatu, na muda unaookolewa upelekwe kwa vilivyobaki. Katika mwaka wa tatu, angalau robo ya ruzuku ndogo itolewe kwa maombi ya pamoja ya vikundi viwili au vitatu, bila asasi kiongozi kuwa miongoni mwao. Pikipiki, kompyuta na samani zigawanywe kwa hati ya makabidhiano iliyoandaliwa miezi mitatu kabla, kwa kuwa mali isiyo na hati hufuata mtumishi wa mwisho anayeondoka.

Mwaka mmoja baada ya kufunga, tenga fungu dogo la nauli na urudi kwenye vikundi vinane kati ya vile 24. Usimpigie mtu simu kabla. Uliza mhazini ni nani sasa, omba daftari, na utazame tarehe ya mstari wa mwisho.